Korongo Aliyengoja Kofia

Lidcombe, Sydney
14 Juni 2020

Kaka yangu Ildephonse,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Febronia, pamoja na migomba na yule mbuzi wenu mwenye kiburi. Sisi huku hatujambo. Mpwa wako Vanessa siku hizi anafanyia kazi zake za ofisi kwenye meza ya chakula, kwa hiyo mimi nakula jikoni nimesimama, polepole, bosi wake asinisikie nikitafuna. Baridi imeanza. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu husikii. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za goti ukanijibu habari za mbolea.

Najua habari za msiba ulizipata, kwa kuwa wifi ndiye aliyepokea simu. Lakini sijakueleza mimi mwenyewe. Methodi alifariki tarehe 9 Aprili, asubuhi, akifunga kamba za viatu ili aende kazini. Moyo, daktari alisema. Makaburini serikali iliruhusu watu kumi tu. Rafiki yangu Faida, yule Mkongo wa Fairfield, alikuwa wa kumi na moja, basi akaimba akiwa ndani ya gari nje ya geti, vioo vimeshushwa. Methodi angecheka. Siku zote alilalamika kwamba mazishi yana watu wengi wasiomjua marehemu.

Bustani ya wanyama ambako alifanya kazi miaka kumi na minne ilituma maua. Kofia yake ya kazi bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Sijaifua. Inanukia mahindi ya ndege.

Sasa neno langu, kaka. Matanga hayajaanuliwa. Unaijua desturi ya nyumba yetu tangu kwa baba: mjane hatoki msibani mpaka mkubwa wa kwao aseme neno jema juu ya marehemu, mbele ya watu, kisha watu watafune kahawa. Mkubwa ni wewe. Najua mliachana vibaya mwaka 2016, na sitaki kuyarudia. Huwezi kuja, ndege hazipo. Basi liandike, nitalisoma mimi.

Mdogo wako,
Koku


Kamachumu
3 Septemba 2020

Mdogo wangu Kokushubila,

Marahaba. Barua yako imefika juzi, bahasha imechakaa kama iliyokuja kwa miguu. Sisi wazima. Migomba ya upande wa kanisa imeshika ugonjwa, nimeing'oa sita. Mbuzi amekula kalenda ya parokia, sasa hatujui sikukuu. Mvua imechelewa. Goti ni lile lile. Paa la jikoni tumebadilisha bati mbili, na fundi ametuachia msumari mmoja usiofika mwisho, kila nikiuona nakasirika.

Umeandika "bustani ya wanyama" kama mtu anayetaja bustani ya mchicha. Mchicha haujui kwamba umezungushiwa uzio, Koku. Mimi nilikuwa askari wa wanyamapori kisiwani Rubondo miaka thelathini na moja. Nilipoanza kazi, wazee walinisimulia habari za sokwe waliorudishwa kutoka bustani za Ulaya kwa meli, wakafunguliwa pale kisiwani. Wengine walikuwa wamekaa kwenye vizimba miaka mingi. Mwanzoni walifuata watu kuomba chakula. Lakini wakajifunza. Wakalala juu ya miti, wakazaa, na watoto wao hawakutaka hata kutuona. Mimi nimewasikia kwa masikio haya, yalipokuwa yakisikia. Kwa hiyo mtu asiniambie mnyama aliyezoea kizimba hawezi tena pori. Asiyeweza ni mwenye kizimba.

Kuhusu lile neno, mkono wangu wa kulia unauma sana. Nitaliandika ukipona.

Kaka yako,
Ildephonse

Wifi, ni mimi Febronia, naandika pembeni huku yeye ametoka. Mkono hauna kitu. Jana amepasua kuni.


Lidcombe
10 Januari 2021

Kaka Ildephonse,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya, kama mbuzi amewaruhusu kuujua. Nimefurahi sana kwa barua yako. Mkono unaouma umeandika kurasa nne, nikasema Mungu ashukuriwe, ukipona kabisa utaandika kitabu.

Sikutaka kuyarudia ya 2016, lakini nimekuwa nikiyawaza, na huku hakuna pa kwenda. Wakumbuka tulikuwa mezani kwako, wifi ameleta ndizi na nyama. Methodi akatoa picha zake za kazini, moja amemshika kifaranga wa korongo taji, mdogo kama ngumi. Ukaitazama, ukasema, "Kumbe shemeji umekuwa bwana jela." Methodi akacheka kidogo, akamwambia wifi amwongeze ndizi. Ukaacha sahani yako na mkate wako umeumega nusu, ukatoka. Hukutusindikiza. Nakumbuka ule mkate kuliko maneno.

Mimi kaka sijui kubishana na mtu wa Rubondo. Ila yule kifaranga alianguliwa kwenye mashine hapa hapa Sydney. Methodi alimlisha kwa mkono, akamtembeza, akampa jina Bibi Harusi kwa sababu ya lile taji la manyoya kichwani. Ukimfungulia leo ataruka aende wapi? Ataenda kusimama kituo cha treni.

Sasa kuna jambo. Rufus, mkubwa wa upande wa ndege kule bustanini, amenipigia simu. Anasema tangu Methodi afariki, Bibi Harusi anasimama kwenye kigeti kila asubuhi. Akipita mwanamume mwenye kofia, anamfuata kwa ndani ya uzio mpaka mwisho, kisha anarudi. Wamemletea dume kutoka bustani nyingine, anamdonoa. Amekonda. Rufus ameuliza kama ninayo bado kofia ya Methodi, na kama ningeweza kuja nayo.

Nimemwambia nitafikiri. Kofia ile ndiyo iliyobaki na harufu yake. Lakini nadhani Jumamosi nitakwenda.

Vipi mkono?

Koku


Kamachumu
25 Aprili 2021

Mdogo wangu,

Marahaba. Tu wazima. Huku watu wanakohoa na wengine wamezikwa, tunaambiwa tujifukize, nasi tunajifukiza. Wifi yako amenifunika blanketi juu ya sufuria mpaka nikaomba toba. Senene wameanguka wengi kupita miaka yote, usiku watu wanakimbizana nao kwenye taa kama vichaa. Nimekutumia kifurushi: senene wa kukaanga waliofungwa vizuri, na kahawa za kutafuna za shambani kwetu, utumie siku ya kuanua.

Umeniandikia habari za ndege halafu ukakata katikati. Alikubali kofia au hakukubali? Usimkodolee macho. Korongo akikodolewa macho anadhani unataka kumla. Ule mfuko mwekundu wa shingoni una rangi kali au umefifia? Ukififia ni mgonjwa. Anasimama kwa mguu mmoja au miwili? Andika mambo yote, usiandike kama telegramu.

Si kwamba nimebadili mawazo. Mwambie huyo Rufus ajifungie yeye humo wiki moja, kisha tuzungumze.

Neno linakuja.

Ildephonse

Wifi, ni Febronia. Barua yako ameisoma mara tatu. Alhamisi alishuka kinamasini peke yake na fimbo, akarudi jioni ana matope mpaka kiunoni. Nilipomuuliza alikwenda kufanya nini, alisema kuangalia. Kuangalia nini, hakusema.


Lidcombe
8 Agosti 2021

Kaka Ildephonse na wifi Febronia,

Shikamooni. Sisi wazima, nimepata chanjo zote mbili, mkono uliuma kweli, si kama wa mtu mwingine ninayemjua. Tumefungiwa tena tangu Juni. Mitaa yetu ya magharibi ndiyo iliyobanwa zaidi. Mtu asitoke zaidi ya kilomita tano na nyumbani kwake, na barakoa hata barabarani. Mimi naruhusiwa kwenda kazini kufua nguo za wazee kwenye nyumba ya kulelea, kisha narudi. Vanessa ameinunua meza ya chakula kabisa, sasa mimi ni mgeni.

Kifurushi chako kilifika Sydney, kaka, lakini hakikufika kwangu. Ilikuja barua ya serikali. Vanessa aliifungua, akaisoma, akaniuliza kwa Kiingereza chake kwa nini mjomba anajaribu kuingiza wadudu kilo mbili katika nchi hii. Wameteketeza senene wote, na kahawa pia kwa sababu zilikuwa na maganda yake. Nilikaa nikawaza yule ofisa aliyefungua, na harufu ile, na kama hata mmoja alimdondokea mdomoni kwa bahati. Namwombea iwe hivyo.

Sasa Bibi Harusi. Nitaandika mambo yote.

Nilikwenda Jumamosi ile. Mfuko wa shingoni ulikuwa umefifia, rangi ya nyanya mbovu. Alisimama kwa miguu miwili. Nilipovaa kofia aliinua kichwa, akanitazama, akaona si yeye, akageuka. Niliona aibu kama mtu aliyekamatwa na nguo isiyo yake.

Ndipo Rufus akanieleza kwamba kofia peke yake haitoshi, kulikuwa na ngoma. Kila asubuhi kabla wageni hawajaingia, Methodi alicheza naye. Rufus ni mtu mrefu kama mlingoti, alinionyesha mwenyewe pale kwenye majani huku amevaa barakoa, nikalazimika kujishika mbavu. Unachuchumaa. Unainamisha kichwa mara tatu, haraka, kama anayedonoa. Unarusha kishungi cha majani juu. Kisha, hapo ndipo Rufus anaposhindwa, unampa ndege mgongo. Unakaa hivyo kimya, humwangalii, mpaka umsikie nyuma yako. Akishafika karibu, Methodi alikuwa anavua kofia na kuiweka chini, ndani yake mahindi.

Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, kaka, mwenye shinikizo la damu. Rufus akanifungulia kigeti, nikaingia. Nilichuchumaa. Nikainama mara tatu. Nikarusha majani, yakaniangukia mimi mwenyewe. Nikampa mgongo nikamsikiliza Vanessa akicheka upande wa pili wa uzio, anapiga picha. Halafu Vanessa akanyamaza, na nikasikia miguu kwenye changarawe.

Nikavua kofia nikaiweka chini na mahindi, naye akala mpaka punje ya mwisho. Kisha akaruka juu, mabawa wazi, akazunguka, akaruka tena. Nikalia, nikacheka, sijui kipi kilitangulia.

Nilikwenda kila Jumamosi mpaka tulipofungiwa. Mfuko ulianza kurudia rangi. Sasa bustani imefungwa kwa wageni na iko mbali kuliko kilomita zangu. Rufus anasema amerudi kwenye kigeti. Nikiwa dirishani nawaza maneno yako ya wiki moja. Mimi hii ni ya sita, nina friji na televisheni, na bado naenda kuhesabu mapipa ya taka ya jirani. Kwa hiyo nimekuelewa zaidi ya zamani. Lakini mimi najua vitu nilivyonyimwa. Yeye alichonyimwa ni Methodi tu, na hilo hakufanyiwa na uzio. Sijui kama nimewaza sawasawa.

Sitakuuliza tena habari za neno. Nikiona huwezi, nitakaa hivi hivi. Kofia iko msumarini.

Koku


Kamachumu
2 Oktoba 2021

Mdogo wangu Koku,

Marahaba. Sisi wazima, mvua imekuja. Leo sina habari za mbuzi.

Ile ngoma ni yangu.

Mwaka 1975 na 1976, kabla sijapata kazi ya uaskari, alikuja mtu mmoja mgeni na lori lenye makasha. Alitaka korongo taji wa kupeleka bustani za wanyama za ng'ambo. Mimi nilikuwa kijana, nalijua kinamasi kuliko nyumba. Nilijifunika gunia, nikachuchumaa, nikainama mara tatu, nikarusha majani, nikawapa mgongo. Korongo haogopi anayempa mgongo. Walipofika karibu nilipiga mluzi, na mwenzangu akainuka kwenye matete na wavu. Nilikuwa hodari. Sikuwahi kuuliza wangapi walifika walikopelekwa. Makasha yalikuwa mafupi, walisafiri wamekunja shingo. Hilo nililiona.

Miaka yote ya Rubondo nilikuwa nalipia hilo, na hakuna aliyejua, hata wifi yako. Yeye ameambiwa jana, na amenipikia, tena amepika vizuri.

Nimekosea. Mtu mmoja alijua. Mwaka 1988 Methodi alipokuja kukuchumbia, baba aliniambia nimtembeze huku wazee wakizungumza. Nikamshusha kinamasini. Alikuwa kijana mpole, anauliza jina la kila nyasi. Nikamfundisha ile ngoma kwa kujionyesha, kisha sijui kwa nini, nikamwambia niliitumia kwa nini. Aliniuliza tu, "Na walikuwa wanakuja kweli?" Nikasema walikuwa wanakuja.

Kwa hiyo siku ile mezani, nilipomwita bwana jela, kila neno la kunijibu alikuwa nalo. Mbele ya mke wangu, mbele yako, mbele ya watoto. Nilitoka kwa sababu nilimwona akilishika. Nilingoja alitoe, nikaogopa, nikatoka. Kisha nikamchukia kwa kuwa hakulitoa. Hayo ndiyo mabaya yangu, hakuna zaidi.

Bado nasema uzio ni uzio. Lakini nimesoma barua yako, pale kwenye mluzi wangu yeye aliweka kofia. Inawezekana huyo Bibi Harusi ni kitukuu wa niliowafunga mimi. Inawezekana siyo. Kama ni yeye, nashukuru aliyekuwepo kumpokea alikuwa wa nyumbani kwetu.

Kata hapa chini, usome haya tu:

Mimi Ildephonse, kaka wa Kokushubila, nasema neno juu ya shemeji yangu Methodi. Alijua baya langu miaka thelathini na miwili. Siku niliyomtukana mbele ya chakula, aliomba ndizi. Ngoma niliyokamatia ndege, yeye aliwalishia. Nilikuwa mkubwa wake kwa umri peke yake. Sina deni analonidai isipokuwa sahani niliyoiacha mezani. Msiba umekwisha. Tafuneni kahawa.

Ildephonse

Wifi, maneno haya ya mwisho yamemchukua siku nne. Amechana karatasi nyingi, mbuzi amekula zote. F.


Lidcombe
12 Desemba 2021

Kaka yangu Ildephonse,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na mbuzi, ambaye sasa anajua siri zetu zote. Sisi hatujambo. Tumefunguliwa. Vanessa amerudi ofisini na mimi nimerudi mezani, nakula nimekaa, natafuna kwa sauti.

Methodi hakuniambia. Nataka ulijue hilo kwanza. Mtu aliyeshindwa kunificha zawadi ya Krismasi hata siku mbili, hilo lako amelala nalo miaka yote ya ndoa yetu. Nimekaa nikawaza ni mara ngapi mlitajwa wewe na kinamasi, na yeye anakoroga chai yake. Sikukasirika. Nilijisikia kama mtu aliyekuta chumba kingine katika nyumba yake, safi, kimefagiliwa.

Tulianua Jumamosi iliyopita. Walikuja watu ishirini na tatu. Faida alipika ndizi, za dukani, ngumu, akazilazimisha. Kwa kuwa kahawa zako ziliteketezwa, nilinunua punje zilizokaangwa duka la Auburn, nikaziweka kwenye kile kikapu cha mama. Nikasoma neno lako nimesimama. Sauti ilikatika nilipofika pale kwenye kuomba ndizi. Watu walingoja, nikamaliza. Kisha kikapu kikapita. Faida alitafuna akidhani ni dawa ya kifua. Rufus alikuja na shati lililopigwa pasi, akatafuna punje yake taratibu sana, akauliza kwa heshima kama kuna maji ya moto ya kuiongezea.

Na Vanessa, ambaye kama unavyojua ananijibu kwa Kiingereza tu tangu darasa la pili, alikichukua kile kipande cha karatasi, akakisoma tena mwenyewe kwa kidole. Akasema, "Mama, mjomba ameandika vizuri." Nilijifanya sikushangaa, asije akaacha.

Kesho yake nikaenda bustanini na kofia na mahindi. Nilikuwa sijamwona Bibi Harusi miezi zaidi ya mitano. Yule dume alikuwa kule mbali karibu na maji. Nilimweleza Rufus uliyoyasema, kwamba uzio ni uzio. Alifikiri, akasema hata yeye halali vizuri siku nyingine. Lakini akasema vifaranga wakianguliwa humu mtu hatawalisha tena kwa mkono, watalelewa na mama yao, wasije wakangoja kofia. Nimekuandikia hilo ulipime mwenyewe.

Nikachuchumaa. Nikainama mara tatu. Nikarusha majani, safari hii yakaenda mbele. Nikampa mgongo, nikavua kofia nikaiweka chini na mahindi yake, nikasubiri miguu kwenye changarawe.

Nikasubiri, kaka. Goti langu nalo si zima. Hatimaye nikageuka.

Hakuwepo. Alikuwa kule kwenye maji, anamwinamia yule dume. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Dume akaokota kijiti akakirusha juu. Bibi Harusi akaruka, mabawa yote wazi, na mfuko wake ulikuwa mwekundu kabisa. Walicheza muda mrefu. Hakuna aliyeniangalia. Mahindi yalikuwa kofiani vile vile, haikupungua hata punje.

Niliyamwaga kwenye majani, watayakuta. Nikarudi na kofia kwa treni nimeishika mapajani.

Leo asubuhi nimeifua, kwa sabuni ya kipande, kwa mikono. Maji yalitoka ya kahawia mara mbili, mara ya tatu yakatoka meupe. Iko kwenye kamba nje, inachuruzika. Upepo ukipiga inainama.

Mdogo wako,
Koku

Mwandiko wako umerudi kuwa mzuri kama wa zamani. Mkono umepona.